PUMZI YA ASKARI NA JUA LA MOMBASA



Litokapo tangazo la kuandikisha askari, vijana wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe huamka alfajiri na kuanza kukimbia. Wajua ya kuwa siku ya mchujo watapimwa urefu na uzito, watatazamwa meno na nyayo, kisha watakimbizwa. Wapo waliojizoeza tangu miezi mingi, na wapo wanaolikumbuka jambo hilo wiki moja tu kabla ya siku yenyewe. Wote husimama katika mstari mmoja, chini ya jua moja.

Watu wengi hudhani ya kuwa mbio hizo ni mashindano kama yale ya shuleni, ambapo wa kwanza hupewa zawadi na wa mwisho huchekwa. Sivyo. Mbio za askari ni kipimo, kama vile mizani ya dukani ilivyo kipimo. Kinachopimwa ni uwezo wa moyo, mapafu na damu kushirikiana ili kupeleka oksijeni kwenye misuli inayofanya kazi. Na kila kipimo chaweza kusomwa vema au kusomwa vibaya. Kipimo hiki kikisomwa vibaya, kijana mwema hukataliwa bila sababu. Au, lililo baya zaidi, hupoteza maisha yake uwanjani.

SHEHENA NA MAGARI

Mtu wa Changamwe aliyezoea kuona kazi za bandari ya Kilindini hatapata taabu kuufahamu mwili. Mapafu ni gati, mahali shehena ya oksijeni inaposhushwa. Chembe nyekundu za damu ni magari yanayoichukua shehena hiyo. Misuli ni maghala yanayoingojea. Moyo ndio unaoyaendesha magari yote. Meli zikiwa tele na gati likiwa pana, lakini magari yakawa machache au yakaenda polepole, maghala yatakaa matupu. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye afya anayekimbia kwa nguvu zake zote. Huona kana kwamba hewa imemwishia, walakini mara nyingi hewa iko ya kutosha kifuani. Kilichofika mwisho ni uwezo wa moyo kuisukuma damu.

Bwana A. V. Hill wa Uingereza, aliyepata Nishani ya Nobel ya mwaka 1922, alichunguza jambo hili pamoja na mwenziwe Hartley Lupton. Mkimbiaji alifungwa mfuko mgongoni wa kukusanyia pumzi yake, kisha pumzi hiyo ikapimwa. Mwaka 1923 walieleza kwamba mtu akizidi kukaza mwendo, matumizi yake ya oksijeni huongezeka mpaka yafikie kikomo. Baada ya hapo, hata akijikaza vipi, hayapandi tena. Kikomo hicho ndicho madaktari wa majeshi walichokitafuta baadaye kwa njia nyepesi zaidi, maana haiwezekani kumfunga mfuko kila kuruta.

NJIA TATU ZA KUPIMA

Njia ya kwanza ilitoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 Daktari Lucien Brouha alieleza kipimo cha kupanda na kushuka jukwaa lenye kimo cha inchi 20, mara 30 kwa dakika, kwa muda wa dakika 5. Mtu akimaliza huketi, na mapigo ya moyo wake huhesabiwa kwa nusu dakika, mara tatu: baada ya dakika moja, ya pili na ya tatu. Aliyemaliza dakika zote 5, na jumla ya mapigo yake katika hesabu hizo tatu ikawa 150, hupata alama 100, ambazo ni bora sana. Jumla ikiwa 250, hupata alama 60 tu. Siri ya kipimo hiki ni kwamba moyo wenye nguvu hutulia upesi, na moyo uliolegea hukawia kutulia.

Njia ya pili ilitangazwa mwaka 1968 na Daktari Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani. Yeye alitaka uwanja na saa tu. Askari hukimbia kwa dakika 12, kisha umbali wake hupimwa. Aliyefika mita 2,400 hukadiriwa kuwa atumia kama mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake katika kila dakika. Daktari Cooper aliwapima watu 115 wa jeshi hilo kwa mbio na tena kwa mitambo, akaona hesabu hizo mbili zaafikiana sana.

Njia ya tatu ni ya Luc Léger na mwenziwe Lambert wa Montreal, waliyoieleza mwaka 1982. Mtu huenda na kurudi baina ya mistari miwili iliyoachana mita 20, akifuata mlio. Mwendo huanza polepole kisha huzidi hatua kwa hatua, mpaka ashindwe kuufikia mstari kabla ya mlio. Kipimo hiki chafaa mahali penye uwanja mdogo, na tena kina hisani moja: mwili hupandishwa ngazi kwa ngazi, wala haurushwi ghafula.

KAZI NA JOTO

Askari wa upande wa bara wa Mombasa wana haja kubwa ya pumzi. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililozinduliwa mwezi wa Desemba 1964, lina makao yake Mtongwe, upande wa Likoni. Baharia aliye ndani ya meli inayoungua hawezi kukimbia akaenda zake. Sharti apande na kushuka ngazi za chuma akiburura mpira wa maji, amevaa mavazi mazito, ndani ya moshi na joto. Askari wa nchi kavu katika kambi ya Nyali naye hubeba silaha, maji na mzigo wake. Akichoka mmoja, mzigo wake humwangukia mwenziwe. Kwa hiyo kupimwa si dharau. Ni haki ya kikosi kizima.

Walakini hewa ya Mombasa si hewa ya Eldoret, ambako makuruta wa Kenya hufundishwa. Eldoret iko juu kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na kijana wa Kisauni hutweta siku za kwanza. Lakini baridi humsaidia. Mombasa hewa ni nzito na oksijeni ni tele, lakini mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 32 za sentigredi, pamoja na unyevu mwingi wa bahari. Mwili ukipata joto, damu hugawanywa: sehemu huenda kwenye misuli kufanya kazi, na sehemu huenda kwenye ngozi kupoza mwili. Jasho nalo hupoza pale linapokauka. Penye unyevu mwingi halikauki. Hudondoka tu chini bila faida. Hapo moyo hupiga kasi zaidi kwa mbio zile zile, na saa huonyesha muda mrefu zaidi. Msomaji wa saa asiyejua jambo hili atasema, “Kijana huyu ni mvivu,” kumbe alichokipima ni joto.

Jeshi la Marekani lilijifunza somo hili kwa gharama. Katika miaka ya 1950, baada ya makuruta wengi kuanguka kwa joto katika kambi ya Parris Island, wataalamu Yaglou na Minard walitengeneza kipimo kinachounganisha vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa kibichi, kimoja kimo ndani ya tufe jeusi juani, na kimoja ni cha kawaida. Katika kila sehemu 10 za hesabu hiyo, kile cha kitambaa kibichi hupewa 7, cha tufe 2, na cha kawaida 1. Maana yake ni kwamba unyevu ndio adui mkubwa kuliko jua lenyewe. Mtu wa pwani hana budi kuliweka moyoni neno hilo. Mgeni wa joto huhitaji siku 10 hata 14 za mazoezi ya kiasi kabla mwili wake haujalizoea.

JAMBO LILILOFICHIKA DAMUNI

Liko jambo jingine lihusulo pwani hasa. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alichunguza damu za watu wa nchi hii. Aliona kwamba karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na chembe ya kurithi ya selimundu, lakini katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alieleza sababu: mwenye kurithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtu huyo si mgonjwa. Hula, hucheza na kufanya kazi kama wenziwe, na pengine hufa mzee bila kujua habari hiyo.

Lakini akikimbizwa kupita kiasi katika joto, na maji yamempungukia, damu yake yaweza kugeuka na kuziba mishipa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1987 juu ya makuruta wa Marekani wa miaka ya 1977 hadi 1981 ulionyesha kwamba, miongoni mwa makuruta weusi, wenye chembe hiyo walikuwa katika hatari ya kufa ghafula mara 28 kuliko wasio nayo. Habari hiyo ilitisha wengi. Hata hivyo mwisho wake ni wa kutia moyo. Jeshi la nchi kavu la huko liliweka kanuni za maji, mapumziko na mazoezi ya kupanda polepole, kwa askari wote bila kubagua. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine juu ya askari weusi 47,944, waliotumika baina ya 2011 na 2014, haukuona tena tofauti katika vifo. Hatari ya misuli kuvunjika kwa kazi nzito ilibaki kuwa zaidi kwa asilimia 54, lakini hiyo yaweza kutibiwa ikigunduliwa mapema. Damu za watu hazikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuwazoeza na kuwapima.

NASAHA KWA VIJANA NA WAZEE

Basi kijana anayetaka kuwa askari na aanze miezi 3 kabla, si siku 3. Aanze kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, mara 3 au 4 kwa wiki, alfajiri au jioni, akizidisha kidogo kidogo. Anywe maji kabla hajashikwa na kiu. Akiwa na homa, au ametoka kitandani kwa malaria, asikimbie. Akiona kizunguzungu, kichefuchefu, au maumivu makali ya misuli yasiyo ya kawaida, asimame. Na anayesimamia asimlazimishe. Aliyeanguka kwa joto apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima na kupepewa papo hapo, huku daktari akiitwa. Kila dakika ina thamani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mama ajuaye kwamba katika ukoo kuna mtoto aliyeugua selimundu, au kijana mwenye pumu, asinyamaze kwa kuogopa mwanawe atakosa kazi. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Damu hupimwa hospitalini, na ajuaye hali yake hujilinda.

Na msimamizi wa mbio, kabla hajaitazama saa, na autazame uwanja: joto ni kiasi gani, maji yako wapi, kivuli kiko wapi, daktari yuko wapi. Akiisha kuyaona hayo manne, ndipo apulize filimbi. Nchi inamtaka askari mwenye pumzi. Lakini yamtaka kwanza akiwa hai.