MAJI NI YA MOTO, VIFARANGA WANA BARIDI

Ndugu mkulima,

Juma hili twende Kabanga, wilayani Kasulu. Kama unakaa kwenye nyanda hizi za juu za Kigoma, huna haja ya kuelezwa baridi ya usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Mtu mzima anajifunika blanketi mbili. Sasa mfikirie kifaranga wa siku tatu, ambaye manyoya bado hayajamwota.

Mama mmoja mfugaji aliniita. Alikuwa ameanza na vifaranga 50. Kila jioni alichemsha maji, akayatia kwenye madumu mawili, akayaweka ndani ya kinengunengu. Hata hivyo, kwa siku nne walikufa vifaranga 11.

"Bwana shamba," akaniambia, "kuni nachoma, maji yanachemka, lakini joto silioni. Niongeze dumu la tatu?"

"Subiri kwanza, mama," nikamjibu. "Tuwaulize vifaranga wenyewe."

Saa tatu usiku tukaingia polepole na tochi. Nawe fanya hivyo hivyo. Ukikuta wamerundikana kwenye dumu wakilia, wana baridi. Wakilikimbia dumu na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakijibanza upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, hawa wanakula, hawa wamelala, joto linatosha. Wa yule mama walikuwa wamejibanza upande mmoja. Basi tukakagua jambo moja moja.

Kwanza, upepo. Piga magoti, weka kiganja pale wanapolala vifaranga, si pale unaposimama wewe. Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa vidole viwili. Tukauziba kwa gunia. Lakini madirisha ya juu usiyazibe. Hewa safi ni lazima.

Pili, sakafu. Madumu yalikaa juu ya udongo mtupu, na ardhi ikawa inanywa joto. Tandaza maranda makavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Angalia pia kama dumu linavuja. Maranda yakilowa baridi huzidi, na ugonjwa wa kuhara damu hupata nafasi.

Tatu, dumu lenyewe. Yale ya mama yalikuwa nusu tu. Maji machache hupoa upesi. Jaza mpaka shingoni, funga sawasawa, kisha lizungushie gunia moja. Ukilivika blanketi zito, joto haliwafikii vifaranga. Ukiliacha uchi, linawaunguza na kupoa haraka. Na maji yanayotokota usiyamimine kwenye dumu la plastiki, litalegea. Yaache yatulie kidogo.

Nne, juu. Joto hupanda, na nyumba ya bati isiyo na dari hulipoteza lote. Funika nusu ya kinengunengu kwa mkeka au kitambaa chepesi. Nusu nyingine iache wazi.

Tano, saa. Mama alitia maji ya moto saa kumi na mbili jioni, basi, mpaka kesho. Baridi kali huja karibu na alfajiri, na wakati huo maji yake yalikuwa ya kunawia uso tu. Badilisha kwa zamu: dumu moja saa nne usiku, la pili saa tisa. Hivyo hayatapoa yote kwa pamoja. Usingizi utakatika, ndiyo, lakini ni kwa majuma machache tu.

Kama una kipimajoto, kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga. Juma la kwanza kisome nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, halafu punguza nyuzi 3 hivi kila juma. Huna? Vifaranga watakupimia.

Jambo moja la hatari. Ukiamua kutumia jiko la mkaa, usilifungie kwenye chumba kisicho na pa kutokea hewa, wala usilale humo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Huua vifaranga, na huua mlezi wao.

Yule mama hakuongeza dumu la tatu. Usiku ule alikufa kifaranga mmoja aliyekuwa amekwisha kudhoofika. Wale 38 waliobaki walikua wote, kwa kuni zile zile.

Basi, ndugu mkulima, kabla hujaongeza kuni, tafuta kwanza joto linakimbilia wapi. Hadi juma lijalo, kazi njema.