Kasoro Isiyoandikwa Haifungwi

Maneno ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa wananchi wa kata



Nimepewa nafasi hii nieleze namna kasoro katika huduma zetu inavyopaswa kuandikwa, kushughulikiwa na kufungwa. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika halmashauri nyingine, mama mmoja alinisimamisha nje ya zahanati akiwa na mtoto mgongoni. Akaniambia, "Kaka, mizani ya hapa inadanganya. Juzi mtoto kapimwa kijiji cha pili kwa dada yangu, kaonekana mwepesi. Hapa kadi inasema hana neno." Nikamjibu kwa heshima zote, "Nimekusikia, mama. Nitafikisha." Nilikusudia kweli kufikisha, lakini sikuandika popote. Kesho yake nilikuwa na ugeni wa viongozi, kesho kutwa nikawa na taarifa ya robo mwaka, na neno la yule mama likafutika kichwani mwangu.

Miezi minne baadaye, muuguzi aliyehamia pale aliitazama mizani ile kabla ya kumning'iniza mtoto. Haikuwa na kitu, lakini mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umesimama kwenye nusu kilo. Kila mtoto aliyepimwa alikuwa ameandikiwa nusu kilo asiyokuwa nayo.

Mtu anaweza kusema nusu kilo ni kitu kidogo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume aliyetimiza mwaka mmoja akiwa chini ya kilo 7.7 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mwenye kilo 7.4 anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Mizani ikimwongezea nusu kilo, kadi itasoma 7.9, mama atapongezwa, na mtoto atarudi nyumbani na njaa yake.

Ndugu wananchi, wataalamu wa ubora huliita jambo la namna hii kutokidhi kiwango. Yaani, kitu kimekuwa tofauti na tulivyokubaliana kiwe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kinaitaka taasisi inayokifuata idhibiti kasoro, itafute chanzo chake, na ihifadhi kumbukumbu ya yote iliyoyatenda. Hapa nchini mambo ya viwango yamekabidhiwa Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1975.

Sisi watu wa Tabora tusilione jambo hili kuwa geni. Mji wetu ulikuzwa na njia ya misafara, iliyotoka pwani ya Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mababu zetu Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, akitegemea mali aliyoletewa kutoka Zanzibar. Akakuta aliyekabidhiwa ameiuza yote. Upungufu ulijulikana siku ile ile mwenye mali alipoihitaji, naye yuko mbali na yeyote wa kuurekebisha. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, hapa jirani, akisubiri wapagazi wapya hadi mwezi Agosti. Tembe lake linatembelewa hadi leo. Mimi kila nikipita pale hukumbuka kwamba kasoro isiyoshikwa mahali ilipotokea husafiri, na hufika kwa mtu asiye na uwezo wa kuibeba.

Sasa, mizani ile ilishughulikiwaje? Muuguzi hakugeuza tu msumari wa kurekebishia mshale akaendelea na kazi. Kwanza, aliitenga mizani na kuiwekea karatasi inayosema isitumike. Pili, aliandika: tarehe, kifaa gani, kiwango kinataka nini, na yeye ameona nini. Hakuandika "mizani mbovu". Aliandika kwamba mshale unasoma nusu kilo pasipo mzigo. Tatu, palipatikana mizani nyingine ili kliniki isisimame. Nne, walifungua rejista na kuwaita tena watoto wote waliopimwa tangu siku ya mwisho mizani ilipojulikana kuwa sahihi. Hatua hii ndiyo husahauliwa zaidi, maana kurekebisha kifaa hakuwarekebishi waliokwisha kuumizwa nacho.

Tano, walitafuta chanzo. Kwa nini mshale ulihama? Mizani ilikuwa imeanguka. Kwa nini haikugundulika? Kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuitazama asubuhi. Kwa hiyo dawa haikuwa kumkaripia mtu. Dawa ilikuwa kuweka zamu: kila siku ya kliniki mtumishi mmoja ahakiki sifuri, apime kitu chenye uzito unaojulikana, na atie saini. Sita, baada ya mwezi mtu mwingine, asiyekuwa yule aliyerekebisha, alikwenda kuhakiki. Hapo ndipo taarifa ilipofungwa.

Mifumo ya kompyuta ya kusimamia ubora hufuata hatua hizo hizo. Kila kasoro hupewa namba, mhusika wa kuishughulikia na tarehe ya mwisho. Tarehe ikikaribia, mfumo humkumbusha mhusika. Ikipita, mkuu wake huona. Kasoro ya aina moja ikijirudia katika vituo vitatu, mfumo huonyesha kwamba tatizo limevuka kituo kimoja. Hata hivyo, programu haiwezi kukumbuka jambo ambalo hakuna mtu aliyeliingiza. Mahali pasipo kompyuta, daftari lenye namba na tarehe linatosha kuanzia.

Watumishi wenzangu, najua tunaogopa kuandika kasoro kwa hofu ya kuonekana tumeshindwa kazi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kituo kisicho na kasoro hata moja katika daftari lake mwaka mzima si lazima kiwe bora. Huenda hakuna anayetazama.

Nanyi wananchi, msikubali tena jibu nililompa yule mama. Ukitoa taarifa ya bomba, dawa, barabara au mizani, uliza imeandikwa wapi na namba yake ni ipi. Taja mahali, siku, na ulichokiona kwa macho yako. Unaweza pia kutumia mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho, kwa intaneti au kwa kupiga *152*00# katika simu yoyote, ukafuatilia malalamiko yako. Na fundi akisema amemaliza, nenda katazame mwenyewe kabla hujakubali kwamba yamekwisha.

Mtoto wa yule mama alikuwa miongoni mwa walioitwa tena. Alipimwa upya, akaanzishiwa lishe, na sasa yuko shuleni. Lakini miezi minne ile hakuna atakayemrudishia. Nilipokwenda kumwomba radhi mama yake, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, siku ile uliandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo natembea na daftari, nami ninalo hapa mkononi. Mkutano ukiisha nitakaa chini ya mwembe ule. Kila mwenye neno aje, tuliandike pamoja, aondoke na namba yake.