Rais Aliyezuia Upelelezi

Ndugu msikilizaji, fungua daftari lako. Neno letu la leo ni "kuzuia haki", yaani kuficha ushahidi, au kuwakataza wapelelezi wasifanye kazi yao.

Usiku wa tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa katika jumba la Watergate, mjini Washington, Marekani. Walikuwa wameingia kwa siri katika ofisi za chama cha Democratic. Rais Richard Nixon, wa chama cha Republican, hakuwa pamoja nao. Basi kosa lake nini? Siku sita baadaye alikubali idara ya ujasusi itumiwe kuwaambia wapelelezi waache kuichunguza habari ile. Na maneno hayo yalinaswa na mashine yake mwenyewe ya kunasa sauti!

Nixon alikataa kuzitoa kanda. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu ilimwamuru azitoe; majaji wanane, shauri moja.

Sasa angalia vizuri. Huko, Baraza la Wawakilishi humshtaki Rais, na Baraza la Seneti humhukumu. Haondolewi ila kwa theluthi mbili za kura, kwa hiyo hesabu ya vyama ni jambo kubwa. Tarehe 27 Julai Kamati ya Sheria ilipiga kura 27 kwa 11 kwamba ashtakiwe. Sita kati ya wale 27 walikuwa wa chama chake. Kanda ilipotolewa, hata waliomtetea walimwacha. Tarehe 9 Agosti alijiuzulu, Baraza zima halijapiga kura.

Mwezi uliofuata Rais Ford alimsamehe, asishtakiwe mahakamani. Je, alifanya vema? Jadilianeni darasani.