Kodi ya Mchezaji si Fedha ya Klabu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi na wanachama wa klabu ya mpira, Kigongo, Misungwi)



Mmeniita nizungumze habari ya kodi, na nimeona baadhi yenu wamekunja uso tangu nilipoingia. Siwalaumu. Tangu daraja letu lilipofunguliwa Juni 2025, magari hayapangi tena foleni hapa kungoja kivuko. Daraja ni heri kubwa. Lakini akina mama ntilie na wachuuzi walioichangia timu hii walikuwa wakila kwenye foleni ile ile. Kofia tuliyozungusha pale, leo tutaizungusha wapi?

Ndiyo maana mnatafuta tajiri na mnataka wachezaji wa mshahara. Vema, basi tufanye hesabu. Mchezaji wa shilingi 400,000 kwa mwezi anakatwa kwanza 40,000 zake za NSSF. Zinabaki 360,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Zile 90,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Kidogo, sivyo? Lakini kwa wachezaji 20, mwaka mzima, ni shilingi 1,728,000. Na fedha hiyo si ya klabu hata siku moja! Imekatwa kwa mchezaji, klabu imeishika tu njiani, na yatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kiongozi anayeikodishia basi la kwenda Geita amejikopesha mali ya watu, na deni lake linazaa riba. Wala msijidanganye kuuita mshahara posho. Jina halifuti kodi.

Mtasema ushindi utalipa. Mbao FC ya hapa Mwanza ilifika fainali ya Kombe mwaka 2017, ikafungwa na Simba 2–1 kule Dodoma. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Pamba, pamoja na sifa zake zote za zamani, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi 2024 ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji. Sisi Kigongo hatuna Jiji la kutubeba.

Nashauri tufungue akaunti ya pili, ya kodi na NSSF peke yake, kabla ya kusajili hata mchezaji mmoja wa mshahara. Na huyo tajiri aiandike ahadi yake, atie sahihi. Ndugu Mweka Hazina yuko hapa na daftari. Naomba atusomee kilichomo kabla hatujapiga kura.