Kisanduku cha Kuzalia Sungura
Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya ufugaji wa sungura, na katika mengi yaliyopo tumechagua moja tu, nalo ni kisanduku cha kuzalia. Huenda mtu akaona kuwa jambo hili ni dogo mno kuletwa mbele ya mkutano wa watu wazima. Lakini sungura ni mfugo wa mtu asiye na shamba kubwa. Huwapa watoto kitoweo, na huweza kumsaidia mjane kuwanunulia wanawe madaftari. Jike akizaa vitoto saba usiku, na asubuhi vyote vikakutwa vimekufa kwa baridi juu ya waya, hasara hiyo ni ya nyumba nzima.

Kwanza yafaa tuondoe kosa litokanalo na jina. Sisi humwita sungura yule wa porini, mjanja wa hadithi zetu, na huyu wa bandani pia. Kumbe hao ni wanyama wawili mbalimbali. Yule wa porini huzaliwa ana manyoya, na macho yake yamefumbuka. Kwa hiyo aweza kulala majanini bila kiota. Huyu wa bandani asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, na huko mwituni jike huchimba shimo, akalitandika majani makavu na manyoya aliyoyang'oa mwilini mwake, akazalia humo, kisha akauziba mlango kwa udongo. Vitoto vyake huzaliwa uchi na vipofu, wala haviwezi kujitunzia joto. Basi tumwekapo jike juu ya sakafu ya waya, tumemnyima shimo lake. Kisanduku ndicho shimo tunalomrudishia.

Kisanduku chenyewe si kazi ya fundi mkubwa. Kwa sungura wa kadiri, urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 30 watosha. Kikizidi sana ukubwa, vitoto hutawanyika na kupoteza joto. Kikiwa kidogo mno, mama huvikanyaga. Upande wa mbele ukatwe, ubaki ukingo wa sentimita 15 hivi. Ukingo huo una kazi yake: mama arukapo kutoka, kitoto kilichong'ang'ania chuchu huzuiwa kisiburutwe nje. Tutumie mbao kavu zisizopakwa rangi wala dawa, na misumari isichomoze ndani. Chini patobolewe matundu madogo ili mkojo upate kutoka, kwa maana matandiko yenye unyevu huleta baridi, na harufu kali ya mkojo hudhuru mapafu.

Matandiko yawe maranda makavu chini, na juu yake nyasi kavu laini tele, zisizo na ukungu. Nyuzi ndefu na vipande vya nguo visitumike, kwa kuwa huweza kuvinyonga vitoto au kuvifunga miguu. Katika nchi za juu kama Limuru na Nyahururu, ambako usiku wa mwezi wa Julai ni mkali, nyasi ziongezwe na banda lizibwe upande utokako upepo. Pwani na kandokando ya ziwa mambo ni kinyume: matandiko yapunguzwe na hewa ipite vizuri, kwani joto likizidi nalo huua.

Jambo la pili ni hesabu ya siku. Sungura huchukua mimba kwa siku 31 hivi. Kila mfugaji na aandike tarehe aliyompeleka jike kwa dume. Ikiwa ilikuwa tarehe 1 Machi, atarajiwa kuzaa karibu na tarehe 1 Aprili, na kisanduku kiingizwe tarehe 28 au 29 Machi. Kikiingizwa mapema mno, hukigeuza choo. Kikichelewa, huzaa juu ya waya. Tukimwona abeba nyasi mdomoni na kung'oa manyoya yake, tujue siku imewadia. Hapo apewe maji safi mengi na kuachwa kwa utulivu, maana kiu na hofu ni miongoni mwa mambo yanayomfanya jike kuvila vitoto vyake.

Akiisha kuzaa na kutulia, tunawe mikono, tufunue manyoya polepole, tuhesabu walio hai na kuwaondoa waliokufa. Mtu asishtuke akimwona mama hakai kiotani. Yeye si kuku wa kuatamia; huingia kunyonyesha mara moja tu kwa siku, aghalabu usiku au alfajiri, kwa dakika chache. Tumbo la mviringo la kitoto ndilo ushahidi kuwa kimenyonya. Tena yeye si paka: kitoto kikianguka nje hatakibeba kukirudisha. Ni sisi tutakaokirudisha. Na kikiwa baridi, hakitikisiki, tusiharakishe kukitupa. Kipashwe moto taratibu kifuani au mikononi, maana wako walioonekana maiti wakafufuka kwa joto.

Wako na maadui wengine. Siafu waweza kumaliza kiota kizima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo miguu ya banda isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Panya, paka na nyoka wazuiwe kwa wavu wenye matundu madogo na mlango ufungikao barabara.

Macho ya vitoto hufumbuka kwa siku ya 10 hivi, na katika wiki ya tatu huanza kutoka wenyewe. Vikiisha kutoka na kula, kisanduku kiondolewe, kisafishwe kwa maji ya moto na sabuni, kianikwe juani, kingoje uzazi mwingine.

Ndugu zetu, dawa ya sungura na chakula bora huhitaji fedha, lakini vipande vya mbao, misumari michache na nyasi kavu hazimshindi mtu. Wenye ujuzi wa useremala twawaomba wawasaidie wazee na wajane wasioweza kushika nyundo. Na sote tushike kanuni hii moja: asiye na kisanduku tayari asimpeleke jike kwa dume.