Mtumishi wa Serikali Analipwa na Nani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wananchi wa Titye, Wilaya ya Kasulu



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya neno linalonung'unikiwa sokoni na vilabuni, kwamba mkulima analipa kodi na mtumishi wa serikali anaila. Neno hilo lisemwe hadharani, kwani manung'uniko ya pembeni hayajengi nchi.

Wazee wetu wanaijua kodi. Wakati wa ukoloni Waha wengi walitoka Buha wakaenda kukata mkonge mashambani, wakaitwa manamba, ili wapate fedha ya kodi. Kodi ile ilionekana: ulitoa shilingi, ukapewa stakabadhi. Baadaye ilikuwapo kodi ya maendeleo, nayo ikafutwa mwaka 2003. Basi wapo wanaotuambia, "Mkulima siku hizi halipi kitu, atamwulizaje mtumishi?" Si kweli. Anayenunua bati au sabuni hapa Titye analipa kodi ya ongezeko la thamani ndani ya bei. Kodi imejificha, lakini inalipwa, na anayelipa ndiye mwajiri.

Lakini mwajiri huyu awe mwangalifu. Mwalimu mwenye darasa lililofurika watoto, na muuguzi anayeamshwa usiku wa manane, si kupe. Mei Mosi 2025 serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Mwenye watoto na kodi ya nyumba anajua fedha hiyo inakwisha lini. Tukimchukia huyo, tutakuwa tumemwacha mnyonyaji apite.

Mnyonyaji ni yule anayekula bila kufanya kazi. Mwaka 2016 yaligunduliwa maelfu ya watumishi hewa, majina yanayopokea mshahara bila watu. Mwaka 2017 wakatajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Majina hayo hayakujiandika yenyewe. Palikuwa na mkono uliotia sahihi. Mnyonyaji pia ni mkubwa anayebuni safari na vikao ili achukue posho juu ya mshahara, na gari la umma analifanya lake.

Jambo hili si geni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliyotaka watumikie miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza. Hakuishia hapo: alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wa serikali ikapunguzwa. Februari 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Fundisho ni moja: kujinyima huanzia juu.

Basi tufanye nini? Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Twende sote, wanawake kwa wanaume. Tuulize: fedha gani imeingia, gani imetoka, nani kachukua posho na kwa kazi gani? Majibu yaandikwe katika muhtasari, yasomwe tena mkutano ujao. Na mtumishi anayetimiza kazi yake tumheshimu, tumsaidie apate nyumba njema ya kukaa, asitukimbie.

Anayelipa ana haki ya kuuliza, na anayelipwa ana wajibu wa kujibu.