Mapishi ya Kigujarati katika Jiko la Kigali

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa chama, Kigali)



Nilipoombwa niseme juu ya mapishi, baadhi ya ndugu walitabasamu. Walidhani kuwa mkutano umekwisha kumaliza mambo makubwa, sasa unashuka jikoni. Mimi sikuliona jambo hili kuwa dogo, na sababu yake nitaieleza mbele kidogo.

Kila Ramadhani, alasiri ikikaribia kwisha, vichochoro vya Nyamirambo na Biryogo hunukia mafuta ya moto. Sambusa, bajia, kachori, chapati: vyote hivi twaviita vyakula vya Kiswahili, na haki tunayo, maana vimekaa kwetu muda mrefu. Lakini tukiviuliza asili yao, vingi vitatuelekeza Bara Hindi, na hasa upande wa magharibi, Gujarati na Kutch, ambako majahazi yaling'oa nanga katika bandari kama Surat na Mandvi, yakasukumwa na kaskazi mpaka Unguja na Mombasa. Sambusa ni msafiri mkubwa zaidi. Asili ya jina lake ni Kiajemi, na Hindi kwake ilikuwa kituo cha njiani. Kutoka pwani biashara ilipanda bara. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefariki mwaka 1916, alieneza maduka toka Bagamoyo hadi Uganda, na wengi wadogo kuliko yeye walishika njia zile zile. Kigali ilipoanzishwa na Dk. Richard Kandt mwaka 1907, wafanya biashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili wa pwani hawakuchelewa kufika. Mwenye duka alikuja na mizani na majora ya nguo. Mkewe alikuja na mvuje, uwatu na haradali.

Katika safari hiyo majina mengine yalibadili mwili. Kachori ya Gujarati ni donge la unga wa ngano lililojazwa choroko au mbaazi mbichi. Ile tunayoila sisi, kiazi kilichopondwa kikavikwa unga wa dengu, wao huiita bateta vada. Na wao pia walichukua kwetu. Kuku wa nazi apikwaye na Wagujarati wa Mombasa huitwa kuku paka, jina ambalo limewachekesha wageni wengi kabla ya kuonja, na likawanyamazisha baada ya kuonja.

Sasa naja kwenye sababu yangu. Marehemu mama yangu alitulea kwa bajia. Aliuza kibarazani miaka mingi, na ufundi wake wa kuuchapa unga wa dengu mpaka ukawa mwepesi aliufundishwa na jirani yake, mke wa mwenye duka wa Kigujarati. Sahani zilipita juu ya ukuta wetu asubuhi na jioni. Uzeeni daktari alimkataza mafuta. Ramadhani ya kwanza baada ya katazo hilo alifuturu kwa tende na uji, huku sisi watoto wake tukila vitu ambavyo vilitusomesha. Hakulalamika. Ila usiku mmoja alisema: "Yule mama alikuwa na mkate wa manjano, haukuguswa na karai. Sikumwuliza unapikwaje. Bajia ndizo zilizokuwa na wateja."

Maneno yale yalinichoma. Nikatambua kuwa katika jiko la Kigujarati sisi tulichukua nusu moja tu, nusu ya karai. Nusu ya pili, ipikwayo kwa mvuke, kwa mtindi, kwa majani na kwa nafaka, ilibaki upande wa pili wa ukuta. Na jirani alikuwa amekwisha kuhama.

Mkate ule ni dhokla. Nilifundishwa na bibi mmoja wa Kigujarati hapa hapa mjini, ambaye alishangaa kuwa nimekuja kuuliza, maana wajukuu wake hawamwulizi. Mchele na dengu zilizopaazwa huloweshwa kutwa, husagwa, huchanganywa na mtindi, kisha huachwa usiku kucha vichachuke. Mara ya kwanza rojo langu lililala kama maji ya mto. Bibi akacheka, akasema kuwa Kigali si Surat: sisi tuko juu, kiasi cha mita 1,500, na baridi ya usiku huchelewesha uchachu. Akaniagiza nilifunike chombo kwa blanketi karibu na jiko la makaa, nisilifunue mpaka adhuhuri. Likifura, hutiwa chumvi, tangawizi na manjano, humiminwa katika sinia dogo, huwekwa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, hufunikwa. Kijiti kikitoka kikavu, limeiva. Mafuta yake ni kijiko kimoja tu cha kurushia haradali na pilipili mbichi juu yake.

Mtindi wetu wa ikivuguto waifaa kazi hiyo barabara. Kwa mtindi huo huo na unga wa dengu hupikwa kadhi, mchuzi mwepesi wa kumiminia wali wa choroko. Tena kuna patra, na hili nawasihi mlijaribu, kwa kuwa mmea wake, amateke, tunaulima sisi wenyewe, twala mzizi na majani twayatupa. Majani hupakwa unga wa dengu uliokorogwa na ukwaju, hukunjwa kama mkeka, hupikwa kwa mvuke na kukatwa vipande. Ukwaju msiuache, wala msiyatoe mapema. Jani bichi huwasha koo. Mkulima wa Gujarati hula mkate wa mtama au uwele uliopigwa kwa viganja, nasi mtama tunao, ila tumezoea kuunywa. Khandvi siisemi sana. Ule ukunjaji wake wataka mkono mwepesi kuliko wangu.

Nilimpelekea mama dhokla jioni ya tarehe ishirini na saba ya Ramadhani. Akakivunja kipande, akakinusa, akala polepole, akaomba cha pili. Kisha akanitazama, akasema: "Ndiyo yenyewe. Lakini ya yule mama ilifura zaidi."